Wembamba kwa Kituruki na ndugu zake: kwanini ince, yufka, arık na zayıf sio kitu kimoja (uzi mrefu, kaa vizuri)

#1 Mleta mada

Wakuu habarini za muda huu. Naona humu jukwaani wanaojifunza Kituruki wanaongezeka, wengine skolashipu, wengine wanafuata mzigo wa nguo Istanbul, wengine ni zile tamthilia tu, na kila baada ya muda linarudi swali lilelile, "nyembamba" kwa Kituruki ni nini, na jibu linalotolewa ni neno moja basi, ince (tamka inje, maana c yao ni j yetu), mtu anashukuru anaondoka. Halafu anaenda kumwambia mwenzake wa kazini "sen ince" akidhani amemwambia wewe mwembamba, kumbe mwenzake kasikia kitu kingine kabisa.

Mimi nasema hivi, na nitalisimamia mpaka mwisho wa uzi: kwenye familia hii ya lugha, yaani Kituruki, Kiazeri, Kiturkmeni, Kiuzbeki, Kikazaki, Kikirgizi, Kitatari, Kiuiguri na wenzao, wembamba sio mmoja. Upo wa manda, yaani kitu bapa kama karatasi au kitambaa. Upo wa uzi, yaani kitu kirefu cha mviringo kama kamba, fimbo, kidole, kiuno. Na upo wa mwili, mtu au mnyama aliyekonda. Sisi kwa Kiswahili tunasema karatasi nyembamba, uzi mwembamba, dada mwembamba, neno moja linabeba wote watatu, kwahiyo hatuoni kwa haraka kwamba wenzetu wamegawa. Na kinachonisikitisha ni kwamba vitabu vingi vya kufundishia vinatoa orodha ya maneno bila kusema mgawanyo huu upo, mtu anakariri maneno sita ya "nyembamba" kama yote sawa.

Tuanze na hiki Kituruki cha Istanbul na Ankara maana ndicho wengi mnachokitaka. Ince inatumika kwa karatasi, kitambaa, uzi, waya, kiuno, kidole, ukuta. Inatumika pia kwa kitu kilichosagwa laini, chumvi ya ince ni chumvi laini, bulgur (ngano iliyochemshwa ikapondwa) ya ince ni ile ya punje ndogo, na ukiambiwa ukate kitunguu ince ince ujue wanataka vipande vyembamba sana. Sauti ya juu wanaiita ince ses na sauti nzito kalın ses, na hapa tumefanana nao kabisa maana sisi pia tunasema sauti nyembamba na sauti nene. Glasi ya chai ile iliyobana katikati inaitwa ince belli, yenye kiuno chembamba. Kifua kikuu zamani walikiita ince hastalık, ugonjwa mwembamba, kwa jinsi unavyommaliza mtu taratibu, na wanaokumbuka Uganda miaka ya 1980 wanajua UKIMWI nao uliitwa silimu kwa sababu hiyohiyo ya watu kukonda.

Sasa sikiliza hili. Mtu akikwambia "çok incesiniz" hazungumzii mwili wako hata kidogo, anakwambia una utu, una adabu, umemfikiria mwenzako. İncelik ni ule uungwana wa kuona jambo dogo ambalo wengine hawalioni, mfano umempisha mzee kiti kabla hajaomba. Na mtu makini sana kwenye kazi wanasema anachekecha ince na kufuma kwa kubana, ince eleyip sık dokuyor. Kwahiyo ule wembamba wa uzi umepanda mpaka kwenye tabia, na ni sifa nzuri.

Mtu mwenyewe akiwa mwembamba neno la kawaida ni zayıf. Na hili wakuu mnalijua tayari, ni dhaifu yetu hii hii. Wote tumelichukua Kiarabuni, ile herufi dhad wao wameifanya z na sisi tukaifanya dh, ndio maana Ramadhani kwao ni Ramazan, ridhaa ni rıza, fadhila ni fazilet. Hadithi dhaifu kwao ni zayıf hadis. Lakini sisi dhaifu tumeiacha kwenye udhaifu tu, wao wameishusha mpaka kwenye uzito wa mwili, zayıflamak ni kupungua, na matangazo yote ya dayati yamejaa neno hilo, mtu analipia hela yake ili awe "dhaifu" na anafurahi. Maana ya zamani haijafa, zayıf bado ni dhaifu, na mwanafunzi aliyefeli somo anasemwa ana zayıf kwenye ripoti yake.

Nitaendelea chini, post inakuwa ndefu.

#2 Mleta mada (mwendelezo)

Hapa ndipo penyewe. Huu mgawanyo wa manda na uzi sio mimi nimeutunga, umechongwa kwenye jiwe, na jiwe lipo mpaka leo Mongolia karibu na Nalaikh, mashariki ya Ulaanbaatar. Ni maandishi ya Tonyukuk, mshauri mkuu wa makagani (watawala) wa Waturuki wa kale, yaliandikwa karne ya 8 mwanzoni mwanzoni. Yaligunduliwa na Elizaveta Klements mwaka 1897, na bahati nzuri herufi zake zilikuwa zimeshafumbuliwa na Mdenmaki Vilhelm Thomsen mwaka 1893, kwahiyo yakasomeka.

Tonyukuk anaeleza maadui watatu walivyokuwa wanataka kuungana dhidi yao, Wachina wa Tang, Wakhitani na Waoghuzi, na yeye anamshauri kagani wake wapige mapema kabla hawajaungana. Anavyojenga hoja yake ndio inanifanya niipende lugha hii. Anasema kilicho yuyka kukitoboa ni rahisi, kilicho yinçge kukikata ni rahisi, lakini yuyka ikiwa nene kuitoboa ni kazi, na yinçge ikinenepa kuikata ni kazi. Angalia vitenzi alivyochagua. Yuyka unaitoboa, maana ni bapa. Yinçge unaikata, maana ni ya uzi. Na hata unene ameugawa, wa bapa ni kalın na wa uzi ni yoğan. Mzee wa karne ya 8 kwenye sentensi moja ya siasa ametupa somo zima la wembamba na unene, na kwa lugha yake hakuwa anafundisha lugha, alikuwa anaongea tu kama watu wake walivyoongea.

Yinçge ndiyo hiyo ince ya leo. Na yuyka ipo wapi? Ipo jikoni! Ni yufka, ule unga uliosukumwa mwembamba mpaka mwanga unapita, wanaotengenezea börek (andazi la matabaka lenye nyama au jibini ndani), na ndugu yake ndio yale matabaka ya baklava, ile tamutamu yao. Kwa lugha ya kwetu yufka ni manda za sambusa, ila kubwa kama sinia na zinasukumwa kwa oklava, kijiti chembamba kirefu, sio msukumio wetu mnene wa chapati. Mwaka 2016 UNESCO waliingiza kwenye orodha ya urithi utamaduni wa mikate hii myembamba wa Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kirgizistan na Uturuki, na kwenye jina lake rasmi yapo maneno Jupka na Yufka, ambayo ni neno moja lililotamkwa na watu wawili tofauti.

Nje ya jikoni, yufka kwa Kituruki imebaki sehemu chache. Yufka yürekli ni mtu wa moyo mwororo, anayelia haraka akiona mwenzake anateseka. Vijijini Anatolia utasikia yuka kwa maji yenye kina kifupi. Basi. Kazi nyingine zote ince imezimeza. Yaani karatasi iliyokuwa yuyka sasa ni ince, na mimi naona hapo Kituruki kimepoteza kitu cha maana sana, kwa sababu ndugu zake karibu wote bado wanacho.

#3 Mdau

Mkuu hii ni shule. Swali, hao ndugu zake wanasemaje? Na Kiazeri si ndio kile wanasema ukijua Kituruki umemaliza?

#4 Mleta mada

Swali zuri na nakuonya mapema kuhusu Kiazeri, hapo ndipo watu wanaanguka.

Kiazeri karatasi nyembamba ni nazik. Neno la Kiajemi. Sasa nazik kwa Kituruki ni mtu mpole mwenye adabu, kwahiyo Mturuki akimsikia Muazeri anasema "kağız nazikdir" anasikia karatasi ina adabu. Mtu mwembamba kwa Kiazeri ni arıq. Zəif wanayo ila kwao ni dhaifu tu kama kwetu, ukimwambia Muazeri zəif ukimaanisha mwili atadhani unamwambia anaumwa. İncə wanayo pia, ni ya kitu kilichonyooka kwa uzuri, kiuno, vidole, hisia. Na unene bado wameugawa kama Tonyukuk, kitabu ni qalın, gogo la mti ni yoğun. Kwa Kituruki yoğun imehama kabisa, siku hizi ni msongamano, foleni ya magari ni yoğun, kazi zikiwa nyingi mtu anasema yoğunum.

Wengine nawapitia haraka, wa manda kwanza kisha wa uzi. Kikazaki juqa na jiñişke. Kikirgizi juka na içke. Kiuzbeki yupqa na ingichka. Kitatari yuqa na neçkä. Kiturkmeni ýuka na inçe. Hata Kichuvashi, ambacho kilijitenga na wenzake zamani kuliko wote na Mturuki hasikii kitu akikisikiliza, kina śühe na śinśe. Na kule Siberia kwenye baridi kali Wasakha wana sinnyiges, ukiikazia macho utaiona yinçge humo ndani, ile y ya mwanzo kwao inageuka s. Neno limetembea kutoka Bahari ya Mediterania mpaka mto Lena na bado ni lilelile.

Jambo ambalo mimi limenifurahisha kuliko yote ni Kikazaki na vokali. Lugha hizi zina ule upatano wa vokali, neno linabeba ama a, ı, o, u au e, i, ö, ü. Waturuki wanaita kundi la kwanza kalın, nene, na la pili ince, nyembamba. Sasa kwa Kikazaki ambako lazima uchague wembamba upi, vokali nyembamba zinaitwa jiñişke na nene zinaitwa juan. Ina maana kwa Mkazaki sauti ni kitu cha uzi, inatoka mdomoni kama kamba, sio kama karatasi. Kikirgizi hivyohivyo, içke na joon. Hilo huwezi kuliona ukisoma Kituruki peke yake.

#5 Mdau mwingine

Nimesoma Almaty, Kazakhstan, nathibitisha. Siku za mwanzo nilisema koti langu ni jiñişke wakacheka wakaniambia koti ni juqa, jiñişke ni mkanda wake. Ila mkuu umesahau arıq, kule aryq ni ile mifereji ya maji pembeni ya barabara, mji mzima umejaa aryq kutoka milimani. Ni neno moja na la kukonda?

#6 Mleta mada

Asante sana kwa ushuhuda, mfano wa koti na mkanda ni mzuri kuliko yote niliyotoa. Sikuisahau aryq, nilikuwa nakuja.

Hapana, ni maneno mawili yaliyogongana sauti. Aryq ya mfereji ni moja na aryq ya kukonda ni nyingine. Hii ya kukonda ndio neno la mwili kwa karibu ukoo mzima, Kikazaki aryq, Kikirgizi arık, Kiazeri arıq, Kiuiguri oruq, Kiuzbeki oriq ingawa wao zaidi utawasikia wanasema ozgʻin. Tonyukuk hakutumia hili, alitumia toruq. Anasema ukiwaona kwa mbali fahali aliyekonda na aliyenenepa huwezi kujua yupi toruq yupi semiz. Toruq imefifia lakini semiz ipo hai mpaka leo kwa Mkazaki na kwa Mturuki, miaka 1300 na bado mnene ni semiz. Ile mboga yenye majani manono ya duara Waturuki wanaiita semizotu, jani nene.

Arık kwa Kituruki cha mjini imezeeka, kijana wa Istanbul haisemi, lakini methali zimeitunza. "Arık ata kuyruğu da yüktür", farasi aliyekonda hata mkia wake ni mzigo kwake. Na Wakazaki wana yao, "Arıq atqa qamşı awır, jırtıq üyge tamşı awır", farasi aliyekonda mjeledi kwake ni mzito, na nyumba inayovuja tone kwake ni zito. Hizi methali ni za wafugaji. Kwenye nyika zile majira ya baridi barafu ikifunika majani mifugo inashindwa kufukua chakula inakufa kwa maelfu, Wakazaki janga hilo wanaliita jut, kwahiyo aryq kwa mfugaji lilikuwa ni swali la kama familia itaiona masika. Ndio maana naamini neno la mwili halikuchanganywa kamwe na la manda wala la uzi. Karatasi ikiwa nyembamba hakuna anayeogopa. Farasi akikonda kila mtu anaamka.

#7 Mdau

Vipi yale maneno ya kusemana sasa, yale ya mtaani? Maana sisi tuna "amekonda kama ng'onda", "amebaki mifupa mitupu".

#8 Mleta mada

Wanayo tele. Bir deri bir kemik, ngozi moja mfupa mmoja, hiyo haihitaji maelezo. İğne ipliğe dönmek, kugeuka sindano na uzi, husemwa kwa mtu aliyeisha kwa ugonjwa au kwa mawazo. Çöp gibi, kama kijiti. Cılız na çelimsiz ni mtoto au mche usio na afya, sıska ni lile la kuumiza, usimwambie mtu usiyemzoea. Kara kuru, mweusi mkavu, ni mtu mwembamba aliyeungua na jua.

Na umetaja ng'onda, subiri uone. Waturuki wana usemi kadidi çıkmış, kadidi imemtoka, yaani amebaki mifupa. Kadit ni neno la Kiarabu, qadid, na maana yake ya asili ni nyama iliyochanwa vipande ikaanikwa juani ikakauka. Watu wa pwani wameangalia samaki mkavu, Waturuki wakaangalia nyama kavu, wote wakamkumbuka mtu aliyekonda. Hakuna aliyemuiga mwenzake hapo.

Za kusifia nazo zipo, wembamba unaopendeza wanalinganisha na miti, dal gibi kama tawi, fidan gibi kama mche mchanga, selvi boylu mwenye kimo cha mti wa cypress. Narin ni mwembamba mwororo, na Wamongolia wana nariin yenye maana ya nyembamba hivyohivyo. Nahif imetoka Kiarabu ambako ni mtu aliyekonda, kwa Kituruki imelainika ikawa mtu mpole anayevunjika moyo haraka. Mwanamke ambaye sio mnene sio mwembamba wanamwita balık etli, mwenye nyama ya samaki, na hiyo ni sifa, haina ubaya wowote.

Mkiangalia vizuri mtaona ince, nazik, nahif, yufka, yote yameanza kwenye wembamba yakaishia kwenye roho ya mtu, upole, adabu, huruma. Zayıf na arık hayajaenda huko. Lililoanzia kwenye manda au uzi limepanda likawa sifa, lililoshikana na mwili wenye njaa limebaki kwenye udhaifu, ukiacha nahif tu. Naomba wanaofundisha Kituruki humu mlianze somo hapa, mtawaokolea wanafunzi wenu mateso mengi.

#9 Mdau mwingine

La mwisho kutoka kwangu mkuu. Nina mteja Muuzbeki na mwingine Mturuki, nikitaka kuwaambia "naona umepungua" bila kuwakwaza nasemaje?

#10 Mleta mada

Mturuki zayıflamışsınız. Muuzbeki ozib ketibsiz. Na kama ungekuwa na Mkazaki, arıqtap ketipsiz. Angalia miisho, -mış kwa Kituruki na -ib au -ıp kwa wengine, hapo unaonyesha kwamba hukushuhudia akipungua, umemuona leo ndio umegundua, kile kitu sisi tunakifanya kwa kuweka "naona" mwanzoni. Ukisema zayıfladınız bila -mış inakuwa kama ulikuwa unampima kila siku, sio adabu ya salamu. Hiyo -sınız au -siz mwishoni ni ya heshima, usiiache kwa mteja.

Ila na kwao kama kwetu inategemea na anayeambiwa. Mwanamke aliyekuwa kwenye dayati atakushukuru. Mtu mzima aliyetoka kuumwa, au Muuzbeki wa umri wa baba yako, usimtolee kabisa hiyo, atasikia umemwambia maisha yamemshinda. Huyo mwambie Kituruki "iyi gördüm sizi", nimekuona uko vizuri, Kiuzbeki "yaxshi koʻrinyapsiz", kisha endeleeni na biashara.

Kuna mdau kaniomba inbox yale majedwali ya unene pia, kalın na yoğun kwa kila lugha, nitayaweka hapahapa kwenye uzi wikiendi ili wote mfaidike.